Mashine ya kukausha nguo inazunguka lakini haitoi joto: tafuta kosa kabla ya kununua kifaa

Mvua inaporudi Bukavu mwezi wa Septemba, kamba ya nguo haina kazi kubwa tena. Shuka lililoanikwa asubuhi linalowa upya mchana, na jinzi nzito inaweza kumaliza siku tatu ndani ya nyumba mpaka inaanza kunuka. Hapo mashine ya kukausha nguo, seshwari, inatolewa kwenye kona ilikolala tangu kiangazi. Pipa linazunguka vizuri, feni inavuma, saa mbili zinapita, na nguo zinatoka baridi na maji yake yote.

Wengi hukimbilia kutafuta rezistansi (waya unaopasha hewa) mpya. Usianzie hapo. Rezistansi iliyokatika au fizibu (fyuzi) ya joto iliyoungua mara nyingi imeuawa na kitu kingine: hewa iliyozibwa na sufi ya nguo, au umeme unaokatika mashine ikiwa katikati ya kazi. Usipomtafuta muuaji, kifaa kipya nacho kitaungua baada ya wiki chache. Tena kuna mashine nyingi zinazopelekwa kwa fundi zikiwa nzima kabisa. Kinachokosekana ni volti tu. Kwa hiyo fuata mpangilio huu: umeme kwanza, halafu programu na hewa, na turnavisi (bisibisi) mwishoni.

Ijue mashine yako

Tafuta kibati cha maelezo, ambacho huwa ndani ya mlango au nyuma ya mashine. Soma volti (V), hezi (Hz) na wati (W).

Kama kimeandikwa 220–240 V, 50 Hz, na kati ya 2000 na 2800 W, mashine ni ya Ulaya na inapasha hewa kwa rezistansi. Inaweza kuwa ya bomba, inayotupa mvuke nje ya nyumba, au ya kondensa, inayokusanya maji kwenye tangi dogo. Kama wati ni 600 hadi 1000 hivi, una mashine ya pampu ya joto. Hiyo ina kompresa kama friji, na ina sehemu yake chini. Na kama kibati kinasema 120/240 V na 60 Hz, mashine imetoka Marekani au Kanada. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu inayoihusu, kwa sababu yawezekana haijaharibika, imeunganishwa vibaya.

Je, kweli haitoi joto?

Kipimo cha kwanza hakihitaji kufungua kitu. Zima vifaa vyote vya nyumba, acha mashine peke yake, chagua programu ya pamba, iwashe, kisha nenda kwenye kontere (mita) ya umeme. Kontere nyingi za kisasa zina taa nyekundu inayopepesa, na pembeni imeandikwa idadi ya mapigo kwa kila kWh. Ikiwa ni 1000, mashine inayovuta wati 2500 itaifanya taa ipepese mara 42 hivi kwa dakika moja. Mota na feni peke yake, kama wati 250, zitaipepesa mara 4 tu. Kwenye kontere ya zamani angalia sahani inayozunguka: rezistansi inapoingia kazini, sahani inakimbia; ikikosekana, sahani inajikokota.

Mwenye pensi ya ampea (kipimo cha mkondo kinachobana waya) aizungushe kwenye waya mmoja tu wa mashine, si kebo nzima. Ampea 1 hadi 2 maana yake ni mota peke yake. Ampea 8 hadi 11 maana yake rezistansi inafanya kazi, na tatizo lako liko kwenye volti, hewa au maji ya nguo. Subiri dakika tano kabla ya kuamua, kwa sababu baadhi ya mashine huanza na hewa ya baridi kwa muda.

Volti: hapa ndipo Bukavu inapotudanganya

Weka multimeta kwenye volti za mkondo geu (V~), kipimo cha 600 au 750, na upime kwenye prizi (soketi) iliyo karibu, mashine ikiwa inafanya kazi. Shika sehemu ya plastiki pekee ya sindano zake. Kama hujawahi kupima umeme ulio hai, mwite fundi umeme kwa hatua hii.

Joto la rezistansi halipungui sawasawa na volti; linapungua haraka zaidi, kwa sababu nguvu hufuata mraba wa volti. Rezistansi ya wati 2500 kwenye volti 230 inakuwa hivi:

volti 200: wati 1890
volti 180: wati 1530
volti 160: wati 1210

Kwa volti 160, ambazo si ajabu katika mtaa ulio mbali na kabini (transfoma) wakati wa jioni kila mtu akipika, umebaki na chini ya nusu ya joto. Mashine ni nzima, na hakuna kifaa cha kununua kitakachoiponya.

Ongeza hapo maji yaliyo ndani ya nguo. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunahitaji takriban kWh 0.63, na hakuna mashine ya rezistansi inayoweza kukwepa hesabu hiyo. Kilo 5 za nguo zilizokamuliwa na mashine ya kufulia kwa mizunguko 1000 kwa dakika hubaki na kama lita 3. Nguo zilezile zikikamuliwa kwa mkono zinaweza kubeba lita 5 au zaidi. Lita 5 zinadai zaidi ya kWh 3: kwenye wati 2500 ni saa moja na robo bila kuhesabu joto linalopotea, na kwenye wati 1210 ni zaidi ya saa mbili na nusu. Programu inafika mwisho nguo zikiwa bado mbichi, na mwenye nyumba anasema haitoi joto. Unayefua kwa mkono, zungusha nguo kwanza kwenye mashine ya kukamulia ikiwezekana, au ziache zidondoke usiku kucha kabla ya kuzitia ndani, na jaza nusu ya pipa tu.

Sasa pima mara mbili: mashine ikiwa imezimwa, kisha ikiwa inapasha. Mfano, volti zikishuka kutoka 215 hadi 185 palepale joto linapowaka, nenda ukapime kwenye kontere. Kama kontere nayo imeshuka, udhaifu uko kwenye laini ya mtaa. Kama kontere imebaki na 210, volti zinapotelea ndani ya nyumba yako: waya mwembamba, kiungo kilicholegea, au ralonji (waya wa kuongezea urefu). Hili la pili ni la hatari, kwa sababu volti zinazopotea zinageuka kuwa joto ndani ya ukuta. Mashine ya wati 2500 inataka waya wa milimita mraba 2.5, prizi ya ampea 16 yenye ardhi, na disjonkta (swichi inayokata umeme ukizidi) yake ya ampea 16. Ralonji nyembamba iliyokunjwa nyuma ya kabati ni njia fupi ya kuunguza nyumba. Multiprizi ni vilevile.

Kuna wanaonunua stabilizateri, kifaa cha kusawazisha volti. Inasaidia, lakini ile ndogo ya friji ya kVA 1 itaungua. Chukua ya kVA 5. Ujue pia kwamba stabilizateri haiumbi umeme: ili itoe wati 2500 kutoka volti 160 inabidi ivute karibu ampea 16 kwenye laini, na laini dhaifu itazidi kushuka. Kukausha mchana, kabla ya majiko kuwashwa, ni bora kuliko stabilizateri yoyote. Usiku wa manane volti huwa nzuri pia, ila usilale mashine ikifanya kazi.

Ukikuta volti 260 au zaidi, chomoa kila kitu mara moja. Huenda waya wa nyutro umelegea kwenye laini, na hilo ni la kampuni ya umeme.

Programu, kichujio na hewa

Mashine nyingi za okazioni (mitumba) zinazofika Kivu zimetoka Ubelgiji, na kibonye chake kina maneno ya Kiholanzi. "Kastdroog" ni nguo kavu za kuweka kabatini. "Strijkdroog" huziacha na unyevu kidogo kwa ajili ya pasi. "Koud" ni hewa ya baridi tu, bila joto lolote. Kwenye mashine za Kijerumani neno "Lüften" ni kupunga hewa, nalo halina joto. Mashine zenye maandishi ya Kifaransa husema "air froid". Hakikisha hujachagua mojawapo ya hizo. Dakika kumi za mwisho za karibu kila programu nazo ni za baridi kwa makusudi, ili nguo zisikunjamane.

Toa kichujio kwenye mlango. Sufi uliyozoea kuiondoa kwa vidole si tatizo. Tatizo ni utando usioonekana unaobaki kwenye wavu. Mimina maji juu yake: yakisimama kama kwenye sahani, hewa nayo haipiti. Kioshe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki laini, kiache kikauke kabisa. Kisha tia mkono wenye kitambaa, au mdomo wa aspirateri (kifyonza vumbi), kwenye tundu kilikotoka. Vumbi la mjini wakati wa kiangazi huchanganyika na sufi hapo, na unyevu wa Septemba unaigeuza kuwa tope gumu.

Mashine ya kondensa: fungua kijilango cha chini, legeza vishikio, vuta kondensa, ioshe kwa maji yanayopita kutoka upande mmoja hadi mwingine mpaka uone mwanga kupitia mapezi yake. Mwaga na tangi la maji. Mashine ya bomba: bomba lisiwe refu kupita mita 3 au 4, lisikunjwe, na tundu lake la nje lisizibwe na kiota cha ndege au mfuko. Chomoa bomba, iendeshe mashine dakika kumi bila hilo. Joto likirudi, umepata kosa.

Hewa inastahili heshima hii kwa sababu ndiyo inayoondoa joto kwenye rezistansi. Hewa ikipungua, rezistansi inakuwa nyekundu mno, termostati ya usalama inakata, na mashine inabaki ikizunguka bila joto.

Delestaji (mgao wa umeme) ikikata katikati ya kazi

Hiki ndicho chanzo ambacho vitabu vya watengenezaji havikitaji vya kutosha, na ndicho tunachokutana nacho zaidi hapa. Umeme unapokatika, feni inasimama papo hapo, lakini rezistansi bado ina moto mkali. Joto halina pa kwenda, linapanda kwenye sanduku la rezistansi, na termostati ya usalama (mafundi husema kliksoni) inaruka. Umeme unarudi, mashine inazunguka, joto hakuna. Kama joto lilikoma siku ya delestaji, mtuhumiwa wako wa kwanza ni huyu.

Kliksoni nyingi za usalama zina kitufe chekundu katikati. Chomoa mashine, iache ipoe saa moja, tafuta kitufe hicho karibu na sanduku la rezistansi. Baadhi ya mashine zina tundu dogo nyuma la kukifikia bila kufungua kitu. Kibonyeze kwa kijiti kikavu mpaka usikie "tik". Mashine isiyo na kitufe mara nyingi ina fizibu ya joto ya mara moja tu. Ikiungua hairudi, inabadilishwa.

Siku umeme ukikatika tena, chomoa mashine, fungua mlango na utoe nguo zote uzitandaze. Nguo za moto zilizorundikana, hasa zenye mafuta ya kupikia yasiyotoka vizuri, zinaweza kujiwasha zenyewe. Umeme ukirudi, subiri dakika tano au kumi kabla ya kuchomeka, maana msukumo wa kwanza wa volti huua kadi za elektroniki.

Kufungua na kupima

Chomoa plagi kwenye prizi. Usifungue mashine kwa kutegemea kwamba umeme wa mtaa umekatika. Unarudi bila kubisha hodi. Subiri dakika kumi, na usiguse miguu ya kondensata ya mota, ambayo huhifadhi umeme. Unahitaji turnavisi ya msalaba, turnavisi ya nyota (T20 hutosha kwa nyingi za Ulaya), koleo ndogo, multimeta, tochi na simu. Piga picha nyaya zote kabla ya kuvuta hata mmoja.

Toa bamba la nyuma. Sanduku la bati ambalo nyaya nene zinaingia ndilo la rezistansi. Kabla ya kupima, tazama na unuse. Kishikio cha waya (kose) kilichogeuka kahawia, plastiki iliyoyeyuka, au rangi ya buluu kwenye bati inakuambia moja kwa moja. Kose iliyolegea hutoa joto, joto linailegeza zaidi, mwisho inakatika. Kata waya mpaka shaba safi, bana kose mpya kwa koleo lake. Usichomelee kwa risasi, itayeyuka. Waya wa kiraka uwe wenye ganda la silikoni au nyuzi za kioo. Waya wa kawaida wa nyumba hauvumilii mahali hapo.

Kisha weka multimeta kwenye omu na uvute angalau waya mmoja wa kila kifaa unachopima, la sivyo utapima njia nyingine.

Rezistansi: gawanya mraba wa volti kwa wati. Kwa volti 230, ya wati 2000 inasoma omu 26 hivi, ya wati 2500 omu 21. Nyingine zina sehemu mbili, mfano wati 1400 na wati 1000. Hizo zinasoma omu 38 na 53. Tofauti ya omu mbili tatu si kitu. Multimeta isiposoma chochote, imekatika. Sehemu moja kati ya mbili ikikatika, mashine inapasha kidogo tu, na watu wanalaumu volti. Pima pia kati ya mguu wa rezistansi na bati la mashine: hapo isisome kabisa. Ikisoma, waya wake umegusa bati, na hiyo ndiyo sababu disjonkta diferensieli (inayokata umeme ukivuja) ilikuwa inaruka.

Kliksoni na fizibu ya joto: zikiwa baridi zisome omu 0, na multimeta ilie. Zikinyamaza, zimekata. Nunua zenye namba ileile ya digrii na ampea iliyochapwa mgongoni. Ya digrii za juu zaidi "ili isikate ovyo" inageuza mashine kuwa jiko.

Sonde (kihisi) ya joto: nyingi husoma maelfu ya omu, kati ya 5000 na 20 000 kwenye hewa ya kawaida, na namba inashuka unapoipasha kwa kiganja. Isiposhuka, au ikisoma 0 au isiposoma chochote, imekufa, na kadi haitaruhusu joto.

Zote zikiwa nzima, imebaki rele ya kwenye kadi, yaani swichi ndogo inayowasha rezistansi. Geuza kadi utazame miguu ya rele inayokwenda kwenye rezistansi: duara jeusi au ufa kuzunguka risasi huchomelewa upya na fundi wa redio mwenye mkono mzuri. Rele yenyewe inabadilishwa na ya ampea 16 yenye volti ileile ya koili.

Kuna kosa moja tunaloliona mno, na linatuumiza: fundi anaunganisha nyaya mbili za kliksoni moja kwa moja, "direkti", na mashine inapasha. Itapasha mpaka siku umeme utakapokatika au kichujio kitakapoziba, na siku hiyo hakuna kitu cha kuizuia. Fundi akikurudishia mashine, mwombe akuonyeshe kliksoni ikiwa mahali pake. Asiyekubali, usimlipe.

Mashine ya pampu ya joto

Hii haina moto mkali hata ikiwa nzima. Hewa yake hufika digrii 50 hivi. Ikiwa baridi kabisa, sikiliza: kompresa inanguruma, au inasema "tak" kila baada ya dakika chache na kunyamaza? "Tak" kwenye volti 170 ni kompresa inayoshindwa kuanza. Hapa stabilizateri ina faida ya kweli, na ya kVA 2 inatosha. Kompresa ikinguruma bila joto, safisha kwanza mapezi ya evapareta nyuma ya kijilango cha chini kwa brashi laini, kufuata mstari wa mapezi. Zaidi ya hapo ni gesi. Nyingi za miaka ya karibuni zina R290, yaani propani, inayolipuka. Moto wa kuchomelea usisogezwe.

Mashine ya Marekani au Kanada

Imetengenezwa kwa nyaya mbili za moto zenye volti 120 kila mmoja, na nyutro kati. Mota inatumia 120, rezistansi inatumia 240 kati ya nyaya mbili. Ukiiweka kwenye konvatisa (kibadilisha volti) ya volti 110, mota inazunguka na rezistansi haipati kitu. Ukiiweka kwenye 220 bila kufikiri, unaichoma mota. Rezistansi zake zinavuta hadi wati 5400, zaidi ya ampea 22, na mota ya 60 Hz kwenye 50 Hz yetu inakwenda polepole na kupata moto. Kama hujainunua bado, iache.

Baada ya kufunga

Rudisha bamba na skrubu zote kabla ya kuchomeka. Hakikisha waya wa ardhi umerudi kwenye bati. Ndugu zetu wa Goma, ambako fimbo ya ardhi inagonga mwamba wa lava, wampe fundi kazi ya kupima ardhi yenyewe, kwa sababu ardhi ikiwa mbovu, diferensieli ya miliampea 30 peke yake ndiyo itakayobaki kuwalinda. Tia taulo mbili zilizolowa, chagua programu ya pamba, ikae dakika 30. Angalia kontere. Kisha shika plagi na uso wa prizi: uvuguvugu si neno, lakini ikikuunguza kiganja, zima na ubadilishe prizi leo hii.